Gofu Lina Mwenyewe: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Bukoba

Siku hizi mtu hahitaji studio wala kamera ya bei ili awe mpiga picha. Simu iliyo mfukoni inatosha, na mojawapo ya vitu vinavyowavuta wengi wenye simu hizo ni vile vilivyoachwa: duka la zamani lililofungwa milango, ghala la kahawa lililotobolewa na kutu, mtumbwi uliopinduliwa ufukweni Nyamukazi ukaota majani, nyumba ya Nshambya ambayo migomba imeizunguka mpaka paa tu ndilo linaloonekana. Bukoba ina utajiri wa vitu hivi, na si vibaya kuvipiga picha. Kinachonikera ni picha zinazotokana navyo. Nyingi hazina mahali, hazina tarehe, hazina jina; zimekolezwa rangi kwa programu ya simu, na chini yake yameandikwa maneno mawili ya huzuni. Mwaka ukipita, hata aliyezipiga hajui tena zilikuwa za wapi. Rai yangu kwa anayetaka kuifanya kazi hii vizuri ni kwamba picha ya gofu ni ushahidi kwanza, urembo baadaye. Ukilikubali hilo, mambo mengine yote, tangu pa kusimama hadi cha kuandika, yanajipanga yenyewe.

Ushahidi wa rai hiyo uko karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua maeneo ya Katuruka na Kemondo, akichunguza vitu ambavyo mkulima yeyote wa Uhayani angevipiga teke shambani: mavi ya chuma, vipande vya matofali ya udongo yaliyoungua, mkaa. Hizo ni takataka za wahunzi wa kale. Yeye na Donald Avery walichapisha matokeo yao mwaka 1978 katika jarida la Science, wakaonyesha kwamba watu wa mwambao huu wa ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, ili mambo yaliyosomwa ardhini yalinganishwe na kazi ya mikono. Angalia kilichowezesha jambo hilo. Mavi ya chuma yale yalikuwa mahali pake, kwenye tabaka lake la udongo, pembeni ya mkaa uliotumika. Laiti mtu angeyaokota na kuyapanga vizuri juu ya jiwe ili yapendeze, yangebaki mawe meusi tu. Ndiyo maana sharti la kwanza la kazi hii ni kutosogeza kitu. Ndala moja iliyooza ikiwa mlangoni, ipige mlangoni. Usiipeleke dirishani kwenye mwanga. Kikombe kilichovunjika kikiwa kimefunikwa na majani, piga kwanza kilivyo. Ukishayaondoa majani umeanza kutunga hadithi yako mwenyewe, na atakayeitazama picha hiyo hana namna ya kujua wapi ukweli uliishia.

Linalofuata ni suala la mwenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kilichoachwa hakina mtu. Uhayani dhana hiyo ni hatari. Nyumba iliyofungwa kuanzia Januari hadi Novemba mara nyingi ni ya mtu anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, ambaye amejenga nyumbani kwao kwa sababu asiye na nyumba kwenye kibanja cha ukoo hahesabiwi kuwa amefika. Desemba utaikuta ina taa, watoto na moshi. Hata ile ambayo kweli imeanguka, kibanja chake hakijaanguka. Migomba na mibuni ina anayeivuna, na nyuma ya nyumba, aghalabu chini ya migomba hiyo hiyo, kuna makaburi ya familia. Mpiga picha anayeruka uzio ili apate upande wenye mwanga mzuri anaweza kuwa amesimama juu ya babu wa mtu. Na zipo nyumba zilizofungwa kwa sababu nzito zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kaya nyingi za Bukoba na Muleba zilipoteza baba na mama kwa kufuatana, wakabaki bibi na wajukuu, au asibaki mtu. Kuipiga picha nyumba ya namna hiyo na kuandika chini yake kwamba ni makazi ya mizimu ni kumtonesha kidonda mtu ambaye pengine anakutazama kutoka jikoni kwa jirani.

Kwa hiyo uliza. Vijijini na kwenye mitaa ya pembezoni, anza na jirani wa karibu, kisha mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Kamera ikae kwenye mkoba mpaka salamu ziishe, na salamu za huku haziishi upesi. Kwa mzee, shikamoo kwanza, habari za nyumbani baadaye, shida yako mwisho. Usiseme umekuja kupiga gofu, kwa sababu kwa mwenyewe hilo si gofu, ni nyumba ya baba. Sema umependa nyumba hii ya zamani na ungependa kujua aliyeijenga. Utakachopata kwa kuuliza hivyo ni zaidi ya ruhusa. Utaambiwa nyumba ilijengwa baada ya msimu gani wa kahawa, fundi alitoka wapi, bati la kwanza lilibebwaje kutoka mjini, na kwa nini chumba cha kushoto hakina dirisha. Maelezo hayo hayapatikani kwenye kioo cha lenzi, na ndiyo yatakayotofautisha picha yako na nyingine mia za kuta zilizobanduka rangi. Wapo watakaosema kuuliza kunaharibu, kwamba watu wakijua watataka hela au watafagia uwanja kabla hujapiga. Kufagia kweli hutokea. Lakini anayefagia amekwambia jambo kuhusu heshima ya mahali pale, na hilo nalo ni habari. Kuhusu hela, mpe mtu picha iliyosafishwa badala ya noti. Gharama yake ni ndogo na inafungua mlango wa kurudi.

Mjini suala la mwenyewe lina tabaka zaidi. Chukua duka la zamani katikati ya mji, lenye kibaraza mbele na ukuta mrefu wa saruji unaolificha paa. Kwenye paji la majengo ya aina hii kote Afrika Mashariki, wafanyabiashara wa Kihindi walizoea kuandika jina au mwaka wa ujenzi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Jengo moja linaweza kuwa na familia iliyolijenga na sasa iko ng'ambo, shirika linalolimiliki, na mpangaji anayeuza vipuri vya baiskeli chini ya jina la mtu aliyeondoka nusu karne iliyopita. Hali inafanana kwenye maghala ya kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilianza mwaka 1950, vyama vikuu vya ushirika nchini vikavunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na warithi wake leo ni Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU) na vyama vya msingi vilivyo chini yake. Ghala la kijijini lenye mlango ulioning'inia kwenye bawaba moja linaweza kuonekana mali ya popo, kumbe lina wanachama wanaolizungumzia kila mkutano mkuu. Mpiga picha asiyelijua hilo atapiga mlango. Anayelijua atapiga mlango, mizani iliyobaki ndani, na maandishi ya rangi ukutani yanayotaja jina la chama.

Sheria nayo ina somo lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanahitaji kutangazwa na waziri. Sasa kumbuka kwamba mji wa Bukoba ulianza mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga ngome ya Wajerumani hapa. Maana yake ni kwamba mji mzima uko upande wa pili wa mstari huo. Hakuna ukuta wa kihistoria mjini ambao umri wake peke yake unauokoa na tingatinga. Lililotokea Juni 1915 linaonyesha vitu vinavyopotea kwa haraka: majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa, yakaichukua Bukoba kwa siku mbili, yakaharibu ngome na kituo cha simu ya upepo, kisha yakaondoka. Leo tunakijua kituo kile kwa sababu kuna waliokiandika na kukipiga picha. Anayepiga duka la Kijerumani au nyumba ya mmisionari leo huenda ndiye atakayekuwa na nakala pekee kesho, na hiyo ni sababu tosha ya kuipiga sawasawa: mbele yote, ubavu, nyuma, kisha mlango, dirisha, paa, na mahali ukuta unapokutana na msingi. Picha ya pembeni yenye jua linalozama inapendeza, lakini fundi hawezi kujengea kitu kutokana nayo.

Upande wa makatazo sitakaa sana. Bandari, madaraja, magereza, vituo vya polisi na vya jeshi usivielekezee kamera bila kibali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haina mzaha, na askari wa zamu hana wajibu wa kukusikiliza ukieleza habari za sanaa. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko mjini, ukingoni mwa ziwa, kwa hiyo ndege isiyo na rubani hapa si mchezo hata kidogo. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara ya ulinzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uso wa mtu unaotambulika nao si wa kuchezea. Tembea na kitambulisho, na ukiweza, barua fupi ya mtendaji wa kata.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa Bukoba ina tabia yake. Mji umelitazama ziwa, na ziwa liko mashariki. Jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi moja kwa moja kutoka majini, likapiga nyuso za majengo yanayoelekea ufukweni. Kwa kuwa tuko kiasi cha nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, linapanda haraka. Ikifika saa mbili na nusu ulaini wake umekwisha na vivuli vimekuwa vyeusi. Jioni vilima vya magharibi hulificha mapema, ukabaki na nuru ya angani isiyo na kivuli, inayofaa sana kwa ndani ya nyumba zisizo na paa. Anayezoea kusikia kwamba picha nzuri ni za machweo aje na desturi nyingine: huku asubuhi ni ya kuta za mbele, jioni ni ya vyumba. Ila asubuhi hiyo mara nyingi huliwa na mvua. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo nyingi huanzia ziwani usiku na kutua mjini kabla ya kifungua kinywa. Usikasirike. Mawingu mazito ndiyo rafiki wa bati lenye kutu na ukuta wenye kuvu. Jua kali huligeuza bati kuwa mistari ya kung'aa na giza, lakini chini ya wingu utaziona rangi zote tatu: kijivu cha zinki iliyobaki, rangi ya chungwa ya kutu changa, na kahawia nzito mahali misumari ilipoanza kuliwa. Juni hadi Agosti hewa hukauka kidogo, na huo ndio msimu wa kuingia vijijini. Unyevu ule ule unaotafuna bati hutafuna na lenzi. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Kwa mwenye simu, ushauri ni mfupi. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole, gusa sehemu angavu ya picha ili simu isiichome, na ndani ya nyumba iegemeze kwenye fremu ya mlango ili isitikisike. Flashi izime. Kwa kila kitu piga picha tatu: ya mbali inayoonyesha kilipo, ya kati inayoonyesha kilivyo, na ya karibu. Katika ile ya karibu weka kalamu au sarafu ubavuni ili ukubwa ujulikane, kisha piga nyingine bila kalamu ikiwa unajali sura. Nyufa ni mfano mzuri wa faida ya jambo hili. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 mkoani na kuharibu maelfu ya nyumba. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Katika nyumba za matofali, mtikisiko wa namna hiyo huacha ufa wenye umbo la msalaba uliolala, kati ya dirisha na dirisha, kwa sababu ukuta umevutwa huku na huku. Ufa wa msingi uliodidimia kwa kawaida huenda upande mmoja tu, kama ngazi. Picha ya mbali itaonyesha nyumba mbovu, basi. Picha ya karibu yenye kalamu itaonyesha ni nini kilichoibomoa.

Ufukweni kuna somo la namna nyingine, kwa sababu vitu vinavyotupwa huko hubeba tarehe zao. Kifuko cha plastiki cha pombe, vile viroba, kilipigwa marufuku Machi 2017. Mfuko wa rambo ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ukivikuta vikiwa vimefukiwa kwenye mchanga chini ya mzizi, umepata kipimo cha lini mchanga ule ulitua. Karabai iliyooza inakumbusha enzi za kuvua dagaa kabla ya taa za sola. Rundo la nyavu zilizoyeyuka na kugandamana linaweza kuwa limetokana na operesheni kama ile ya Sangara ya mwaka 2018, ambapo nyavu haramu zilikamatwa na kuteketezwa. Kwenye mtumbwi wa mbao, inama utazame maungio: utaona pamba iliyoshindiliwa kati ya ubao na ubao kuzuia maji, vichwa vya misumari vilivyovimba kwa kutu, rangi ya juu iliyobanduka ikafichua jina la zamani chini ya jipya. Hapo pana jambo la kuangalia. Chombo kina namba ya usajili, na namba ina mtu. Ukipiga picha ya mtumbwi wenye kokoro, yaani wavu haramu, ndani na kuitangaza na namba yake, umefanya kazi ya afisa uvuvi bila kutumwa. Amua mapema kama hilo ndilo ulilokusudia. Ziwa lenyewe pia ni saa. Mei 1964 maji yalipanda kufikia kiwango ambacho hakikufikiwa tena hadi Mei 2020, na mwaka 2024 kikapitwa. Vibanda, kuta na miti iliyokufa imesimama majini kwenye fukwe kadhaa za ziwa hili kwa sababu hiyo. Ukipiga ukuta wa aina hiyo, hakikisha alama ya maji iliyobaki juu yake inaonekana. Bila alama hiyo ni ukuta kama kuta nyingine.

Usalama hauhitaji hotuba, isipokuwa kwa jambo moja la Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba, ukaua watu sita, na mwanzoni mwa 2025 ukazuka tena Biharamulo. Virusi vyake huishi kwenye popo wa matunda wanaolala mapangoni na kwenye machimbo. Kwa hiyo pango, shimo, au jengo lolote lenye giza, harufu kali na sakafu yenye mbolea ya popo, lipige kutoka nje. Hakuna picha ya ndani inayostahili hatari hiyo. Mengine unayajua: dari iliyooza, shimo la choo lililofunikwa na nyasi, nyoka, nyigu, kichocho kwenye maji yaliyotuama. Usiende peke yako, na usiegemee ukuta wenye ule ufa wa msalaba.

Kuna pingamizi ambalo lina uzito kuliko yote, nalo ni kwamba picha hizi zinaaibisha mji. Kwa nini upige ghala lililoanguka wakati kuna hoteli mpya, barabara mpya, na wageni tunaotaka waje? Pingamizi hili si la kipuuzi. Detroit, mji wa viwanda vya magari Marekani, iliwahi kupata umaarufu wa aina hii. Kitabu cha Yves Marchand na Romain Meffre cha mwaka 2010 kilijaa kumbi na stesheni zilizooza, na wenyeji wengi walilalamika kwamba picha za namna hiyo ziliufanya mji wao uonekane umekufa ilhali mamia ya maelfu ya watu waliishi humo. Nadhani walikuwa na haki. Lakini angalia lalamiko lenyewe: halikuwa kwamba magofu yalipigwa, bali kwamba watu waliachwa nje ya picha. Hakuna Mtanzania anayeona haya mtu akipiga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na huo nao ulikuwa unabomoka. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakakarabatiwa, yakaondolewa humo mwaka 2014. Kilwa haituaibishi kwa sababu tunajua ni nini, ni ya nani na ya lini. Aibu inatoka kwenye picha isiyo na maelezo, kwani mtazamaji hana la kufikiri ila umaskini. Weka jina la chama cha ushirika chini ya ghala, taja miaka ya kuvunjwa na kurudishwa kwake, weka ndani ya fremu mama anayeanika kahawa kwenye kibaraza hicho hicho, na picha haisemi tena kwamba Bukoba imekufa.

Wengine watajibu kwamba sanaa haihitaji vyeti, kwamba picha ijitetee yenyewe. Sina ugomvi na anayetafuta umbo na rangi tu. Lakini maelezo hayamzuii. Anaweza kuitundika picha ukutani bila neno na bado akawa ameandika kila kitu nyuma yake. Ambapo sikubaliani naye kabisa ni kwenye mabaki ya misiba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, iliyoondoka hapa ikapitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, wakafariki watu 19 kati ya 43, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika. Kipande cha chuma au kiti kilichotupwa na maji baada ya tukio la namna hiyo ni mali ya uchunguzi na ya wafiwa. Usikiguse. Mwachie askari. Gofu la vita lina hali tofauti, kwa kuwa jamii imekwisha kuamua la kufanya: kanisa la Kyaka lililobomolewa mwaka 1978 katika vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda limebaki gofu ili lionekane, na anayelipiga kwa adabu anafanya lile ambalo wenyeji wamelitaka. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni uamuzi wa wenye msiba, wala si idadi ya miaka.

Baada ya kupiga, kazi iliyobaki haina raha na wengi huiruka. Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, hamisha picha kutoka kwenye simu na kuzipa majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kisha kata, kijiji au mtaa, kisha kitu. Andika aliyekupa habari, kwa jina ikiwa amekubali. Kumbuka kwamba WhatsApp huibana picha na kufuta taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani yake. Ukitaka zibaki, itume kama faili. Unapoitangaza kwa umma, taja kata na usitoe ramani ya kufikisha mtu mlangoni, hasa kama ndani kuna kengele, mashine au nondo, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanasoma mitandao kama wewe. Rudi mahali pale pale mwakani, simama juu ya jiwe lile lile, piga tena kwa upana ule ule. Picha mbili za ukuta mmoja zilizoachana mwaka zina maana kubwa kuliko kuta mia za mara moja. Nakala moja safisha umpelekee mwenyewe au jirani aliyekuonyesha, na nyuma yake andika kwa penseli, maana kwa unyevu wa huku wino wa kalamu hutawanyika: jina la mahali, tarehe, aliyejenga, aliyesimulia, na jina lako mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.